Julian Bond: mwakilishi aliyechaguliwa mara tatu ndipo akaruhusiwa kula kiapo

#1 Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mimi ni mwalimu wa uraia. Mwezi uliopita nilikuwa kidato cha pili, mada ya uwakilishi, binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, mtu akishachaguliwa na wananchi, wabunge wenzake wanaweza kumkataa asiingie?" Kengele ilikuwa inagonga. Nikamjibu juu juu, na nikaona usoni mwake kwamba jibu halikumtosha. Nimekaa na swali lile hadi leo. Uzi huu ndio jibu nililopaswa kumpa, na ni mrefu, kwa hiyo mwenye haraka auhifadhi asome jioni.

Mtu wangu ni Julian Bond, wa jimbo la Georgia, Marekani.

Kwanza cheo chake, maana Kiswahili chetu hapa kinachanganya. Kwetu jimbo ni eneo la mbunge. Kule majimbo ni 50, na kila moja lina katiba yake, gavana wake na baraza lake la kutunga sheria. Walioko Zanzibar walifikirie Baraza la Wawakilishi. Walioko Kenya wawafikirie MCA, ila hawa wa Marekani wana rungu zito zaidi: sheria za jinai ni zao, shule ni zao, na hata mipaka ya maeneo ya uchaguzi wa wabunge wanaokwenda Washington wanaichora wao. Hilo la mipaka likumbukeni, litarudi. Mshahara wao Georgia ni mdogo na kikao ni siku 40 tu kwa mwaka kuanzia Januari, kwa hiyo wengi wana kazi nyingine: wakulima, mawakili, wenye maduka.

Bond alizaliwa Nashville tarehe 14 Januari 1940. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa msomi mkubwa, baadaye mkuu wa Chuo Kikuu cha Lincoln kule Pennsylvania, chuo alichosoma Nkrumah. Mwaka 1942 baba huyo, pamoja na W. E. B. Du Bois, msomi na mpigania haki za weusi, na mwanasosholojia E. Franklin Frazier, walifanya shughuli ya kumweka wakfu Julian na dada yake kwa maisha ya usomi. Mtoto wa miaka miwili, wazee watatu wenye shahada za uzamivu wamemzunguka, wanamkabidhi kwenye vitabu kama sisi tunavyomkabidhi mtoto kwa babu aliyempa jina.

Vitabu akaviacha. Alikuwa Chuo cha Morehouse, Atlanta, na alikaa katika darasa la falsafa lililofundishwa na Martin Luther King mwenyewe. Februari 1960 vijana weusi wakaanza kukaa kwenye migahawa ya wazungu wakigoma kuondoka, na Aprili mwaka huo ikazaliwa SNCC, kamati ya wanafunzi ya kuratibu harakati zisizo za fujo. Bond alikuwa miongoni mwa waasisi, akawa mkuu wa mawasiliano. Mwaka 1961 akaacha chuo. Shahada yake ya Kiingereza aliirudia na kuipata 1971, miaka 10 baadaye, akiwa tayari ni mwakilishi.

Kazi yake SNCC ilikuwa karani wa damu, naomba niite hivyo. Simu inalia kutoka Mississippi au Alabama: fulani kapigwa, fulani yuko mahabusu, kanisa limechomwa. Yeye anachukua jina, mahali na saa, anapiga taipu, anawapelekea waandishi wa habari kabla polisi hawajatoa toleo lao. Kijana mpole, mrefu, sauti ya chini, tai imenyooka. Wengine walipata majina kwa kupigwa virungu, yeye alihakikisha virungu vile vinaandikwa gazetini.

Nakunywa chai, naendelea chini.

#2 Mchangiaji

Mwalimu, nimeweka kigoda mbele kabisa. Ila tueleze, mweusi aligombeaje Georgia miaka hiyo wakati hata kupiga kura ilikuwa shida?

#3 Mleta uzi

Swali zuri, mkuu. Mahakama za Marekani zilikuwa zimeamua kwamba maeneo ya uchaguzi lazima yalingane kwa idadi ya watu. Kabla ya hapo Georgia vijijini wachache walikuwa na wawakilishi wengi, na mji wa Atlanta wenye watu tele ukapewa wachache. Amri ikaja: chora upya. Atlanta ikapata viti vipya, baadhi katikati ya mitaa ya weusi, na uchaguzi maalumu ukaitishwa Juni 1965.

Bond akapita nyumba kwa nyumba. Aligonga milango ya wafua nguo, wapishi wa majumba ya watu, wasukuma mikokoteni ya mizigo, akiuliza wao wanataka nini. Wengi hawakuwahi kuombwa kura uso kwa uso na mtu yeyote. Kilichotoka humo ndicho kilikuwa ilani yake, na sehemu yake moja ni kima cha chini cha mshahara cha dola 2 kwa saa. Alipata kura 2,320, mpinzani wake 487.

Weusi wanane walishinda viti vya baraza la chini mwaka ule (baraza la Georgia lina sehemu mbili, baraza la chini na Seneti). Georgia haikuwa na mwakilishi mweusi tangu 1907. Na kabla ya hapo kuna kidonda cha zamani ambacho naomba mkishike vizuri: mwaka 1868, baada ya vita vya kumaliza utumwa, weusi 33 walichaguliwa katika baraza la Georgia, na wenzao weupe wakawafukuza kwa hoja kwamba haki ya kupiga kura haimaanishi haki ya kushika cheo. Mmoja wao, Henry McNeal Turner, alisimama Septemba mwaka ule akawaambia hajaja kuomba, amekuja kudai haki zake na kuwarushia radi wanaothubutu kuuvuka utu wake. Walirudishwa 1870 kwa nguvu ya serikali kuu.

Kwa hiyo swali la yule binti, Georgia ilishawahi kulijibu mara moja. Ikalijibu vibaya.

Sasa Januari 1966. Tarehe 3, kijana aitwaye Sammy Younge, mwanafunzi wa chuo cha Tuskegee aliyewahi kuwa baharia katika jeshi la majini la Marekani, alipigwa risasi akafa kwenye kituo cha mafuta Alabama. Kisa ni choo. Alitaka kutumia choo kilichotengwa kwa weupe. Tarehe 6 SNCC ikatoa tamko kupinga vita vya Vietnam. Tamko lilisema wazi kwamba wako pamoja na wanaume wasiotaka kuitikia wito wa kuandikishwa jeshini kwa lazima, na likauliza kwa nini weusi wapelekwe kuzima ukombozi wa watu wengine huku kwao hawana uhuru.

Bond hakuliandika. Lakini mwandishi mmoja wa redio alimpigia simu kumuuliza kama analiunga mkono. Angeweza kusema sijalisoma vizuri, nipigie kesho. Kikao cha baraza kilikuwa kinaanza siku nne mbele, na kiapo chake kilikuwa kinamsubiri. Akasema ndiyo, naliunga mkono. Akaongeza kwamba anawaheshimu wanaofuata dhamira zao wakijua gharama yake. Kadi yake ya kuandikishwa jeshini hakuichoma, na hakumwambia mtu yeyote achome.

Jumatatu tarehe 10 Januari, ukumbi wa baraza chini ya lile kuba la dhahabu la Atlanta. Wawakilishi wenzake zaidi ya 70 walikuwa wameshaandika malalamiko. Karani anaita wawakilishi wasimame kula kiapo, na Bond anaambiwa abaki amekaa. Hebu fikirieni hilo kwa sekunde chache. Ukumbi mzima unasimama, mikono ya kulia juu, sauti kwa pamoja, na kijana wa miaka 25 ameketi kwenye kiti kilicholetwa na kura 2,320, anatazama migongo ya watu.

Kamati ikaketi siku hiyohiyo. Jioni ikapigwa kura: 184 asikae, 12 akae. Haikuwa kura ya kumfukuza mwizi au mla rushwa. Hakuna aliyedai ameiba hata senti. Walisema hawezi kuapa kuilinda katiba kwa moyo wa kweli mtu aliyesema maneno yale.

#4 Mchangiaji

Aisee, 184 kwa 12! Wazee, huku kwetu Kenya tungesema hiyo ni kupigwa na trela. Lakini mwalimu, naomba nitetee upande wa pili kidogo. Nchi iko vitani, wanajeshi wanakufa, halafu kiongozi anaunga mkono wanaokwepa jeshi. Baraza lolote duniani lingekasirika.

#5 Mleta uzi

Kukasirika ni haki yao, ndugu yangu. Wangesimama mmoja mmoja wakamkemea kikaoni, wakaandika magazetini, wakaenda kwenye eneo lake kuwaambia wapiga kura wamwangushe. Yote hayo ni siasa halali. Walichofanya ni kitu kingine: walichukua watu wa eneo zima wakawaambia, chaguo lenu hatulitaki. Mwaka ule mzima watu wale hawakuwa na mwakilishi, na mmoja wao alikuwa Martin Luther King, kwa sababu nyumba yake ilikuwa ndani ya eneo la Bond. Aliongoza maandamano hadi makao ya baraza, na akaingia kwenye kesi kama mpiga kura aliyenyimwa sauti.

Mahakama ya kwanza, majaji watatu wa shirikisho, ilimkatalia Bond kwa 2 dhidi ya 1. Wakati huohuo kiti kilitangazwa kiko wazi, uchaguzi mdogo ukaitishwa Februari 1966. Nani akagombea? Bond. Nani akashinda? Bond, bila mpinzani. Kamati ya baraza ikamuita Mei, ikamtaka ayakane maneno yake. Akakataa, wakamfungia mlango tena. Novemba ukaja uchaguzi wa kawaida, akashinda mara ya tatu.

Tarehe 5 Desemba 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ikatoa hukumu, majaji 9 kwa sauti moja, Jaji Mkuu Earl Warren akiandika. Nimewahi kuisoma hukumu ile na mstari mmoja ndio niliouandika ubaoni. Kwa Kiswahili changu: katika serikali ya uwakilishi, watunga sheria lazima wapewe uwanja mpana kabisa wa kutoa maoni yao kuhusu sera. Georgia ilikuwa imejenga hoja kwamba mwakilishi anapaswa kupimwa kwa kipimo kikali kuliko raia wa kawaida. Mahakama ikasema kiapo hakiwezi kugeuzwa chujio la kupima nani anasema kwa dhati na nani hasemi, kwa sababu kwa njia hiyo wengi wangeweza kumnyamazisha yeyote wasiyekubaliana naye.

Tarehe 9 Januari 1967 aliinua mkono akala kiapo. Siku tano baadaye alitimiza miaka 27.

#6 Mchangiaji

Mimi naishi Same. Wazee wa hapa husimulia kwamba aliwahi kuwepo Mmarekani mweusi akifundisha hesabu miaka ya sabini, naye alikuwa wa harakati hizohizo. Ni kweli au stori tu?

#7 Mleta uzi

Ni kweli tupu, na umenifurahisha kulileta. Ni Bob Moses, aliyekuwa nguzo ya SNCC kule Mississippi. Alipewa wito wa jeshi akiwa ameshapita umri, akaelewa maana yake, akaenda Kanada, kisha yeye na mkewe Janet wakaja Tanzania mwaka 1969 wakakaa hadi 1976, akifundisha hesabu huko Same. Kwa hiyo lile tamko lililomponza Bond lilikuwa na watu halisi nyuma yake, na mmoja wao alishika chaki Kilimanjaro.

Na kwa wadau wa Kenya, kuna lenu pia. Desemba 1963, siku chache tu baada ya bendera ya Kenya kupanda, Jaramogi Oginga Odinga, wakati huo Waziri wa Mambo ya Ndani, alipitia Atlanta katika ziara yake. Vijana wa SNCC walikwenda hotelini kwake, wakaimba pamoja, wakabadilishana zawadi. Walipotoka wakaingia mgahawa wa jirani kunywa kahawa, wakakataliwa kwa rangi yao, wakagoma kuondoka, wakakamatwa. Waziri wa Afrika alilala kwenye hoteli nzuri na weusi wa mji ule wakalala mahabusu, mtaa uleule. Wimbo wakautunga kuhusu siku hiyo.

Turudi barazani. Bond alikaa baraza la chini hadi 1975, kisha Seneti ya jimbo hadi Januari 1987. Miaka 20. Watu wengi wanaruka miaka hii kwa sababu haina kelele ya 1966, na mimi naona hapa ndipo pa kumpima. Miaka ya kwanza wenzake hawakumsemesha. Mswada wenye jina lake juu ulikuwa kama umekufa kabla ya kusomwa, kwa hiyo ilibidi ajifunze kupitisha mambo nyuma ya majina ya wengine. Hata hivyo, miswada zaidi ya 60 aliyoidhamini au kushiriki kuidhamini ilikuja kuwa sheria. Iko ya mikopo nafuu ya nyumba kwa wenye kipato cha chini, na iko ya upimaji wa selimundu, ugonjwa ambao sisi huku hatuhitaji kuelezwa.

Nisimpambe. Alikuwa na jina la kitaifa tangu mkutano mkuu wa chama cha Democratic wa Chicago 1968, alipoongoza ujumbe wa kupinga ule wa gavana mbaguzi wa Georgia, Lester Maddox, na jina lake likapendekezwa kuwa makamu wa rais. Ikabidi aliondoe kwa sababu alikuwa na miaka 28 na katiba inataka 35. Baada ya hapo vyuo vyote vilimtaka akahutubie, naye akaenda. Wako wapiga kura wake waliolalamika kwamba wanamwona zaidi kwenye televisheni kuliko mtaani, na malalamiko yale hayakuwa ya uzushi. Mwakilishi wa siku 40 kwa mwaka anaweza kujidanganya kwamba siku 325 zilizobaki ni zake mwenyewe.

#8 Mchangiaji

Ulisema tukumbuke habari ya mipaka.

#9 Mleta uzi

Naam, na hapa ndipo moyo wangu huuma kila nikisoma.

Sensa ya 1980 ikafika, baraza likapaswa kuchora upya maeneo ya Congress, yaani bunge la Washington. Atlanta na vitongoji vyake walikuwepo weusi wa kutosha kuchagua mtu wao, lakini ramani za wakubwa ziliwakata katikati. Bond, sasa seneta wa jimbo, akaleta ramani yake: eneo la tano la Congress liwe na weusi asilimia 69. Seneti ikapitisha. Baraza la chini likakataa, likashusha hadi 57. Kwa wasiojua hesabu za Kusini, 57 kwenye karatasi si wengi kituoni, maana walioandikishwa kupiga kura ni pungufu ya hapo. Wizara ya Sheria ya serikali kuu ikapinga, jambo likafika mahakama ya shirikisho Washington, na 1982 mahakama ikasema wazi kwamba ramani ile ilichorwa kwa nia ya ubaguzi. Eneo likachorwa upya, weusi wakawa kama asilimia 65.

Hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote aliyoifanya kama mtunga sheria. Haina picha nzuri. Ni karatasi, asilimia, na vikao vya kamati hadi usiku.

Mwaka 1986 kiti kile kikawa wazi. Bond akaacha Seneti akagombea. Kila mtu alijua ni chake. Akajitokeza na John Lewis, mwenyekiti wake wa zamani wa SNCC, rafiki wa robo karne, mtoto wa wakulima wa Alabama aliyepasuliwa kichwa na polisi kwenye maandamano ya haki ya kupiga kura pale daraja la Selma, Alabama. Raundi ya kwanza ya kura za maoni Bond alipata asilimia 47, Lewis 35. Pungufu ya pointi tatu tu amalize kazi.

Raundi ya marudio ikawa chungu. Lewis alijinadi kuwa farasi wa kazi, si farasi wa maonyesho. Kwenye mdahalo akamtaka Bond wakapime wote dawa za kulevya, Bond akakataa. Siku ya kura weusi wengi walimpa Bond, weupe wengi mno wakampa Lewis, na Lewis akapita kwa 52 dhidi ya 48. Eneo lililochorwa kwa jasho la Bond likamchukua Lewis, akalishikilia miaka 33 hadi kifo chake Julai 2020.

Mimi ninampenda Lewis, naye alikitendea haki kiti kile. Lakini kila akisifiwa kwa utumishi wake mrefu, nawaza ile ramani na mkono ulioichora.

#10 Mchangiaji

Walipatana?

#11 Mleta uzi

Walipatana, ingawa ilichukua muda. Bond alipofariki Lewis aliandika kwamba walipitia kipindi kigumu 1986, ila wakatoka humo wakiwa karibu zaidi.

Bond hakugombea tena. Alifundisha historia ya harakati Chuo Kikuu cha Virginia na American University, na yule mtoto aliyekabidhiwa kwa vitabu 1942 akaishia mbele ya ubao kama mimi. Aliongoza bodi ya NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za weusi, kuanzia 1998 hadi 2010. Februari 2013, akiwa na miaka 73, alikamatwa mbele ya Ikulu ya Marekani akipinga bomba la mafuta la Keystone.

Alifariki tarehe 15 Agosti 2015 huko Florida. Familia ilitawanya majivu yake katika Ghuba ya Mexico Jumamosi iliyofuata, saa nane mchana, na ikawaomba wote waliompenda, popote walipo, wasogee kwenye maji yaliyo karibu nao saa hiyohiyo, mto au ziwa au bahari, wadondoshe petali za maua.